Rovu la Milimani na Kinga Iliyopotoka

Katika nchi ya Waha, tangu Kasulu hata Kibondo na vilima vya Gwarama, rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, si maradhi mageni, na aghalabu watu huambiwa kwamba sababu yake ni upungufu wa madini joto. Ni kweli, kwani mvua za karne nyingi zimeyaosha madini hayo katika ardhi ya milimani, na chumvi ya Uvinza, ichemshwayo kwa maji ya chemchemi tangu zama za kale, haikuwa ikitiwa madini hayo hata serikali ilipoamuru hivyo katika miaka ya 1990.

Lakini liko rovu jingine, ambalo chumvi hailiponyi. Mwaka 1912 tabibu wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alichunguza tezi za wanawake wanne akazikuta zimejaa chembe nyeupe za damu. Na mwaka 1956, huko London, Deborah Doniach na wenzake wakadhihirisha kwamba damu ya wagonjwa wa namna hiyo hubeba silaha za kinga ya mwili zilizoelekezwa kwenye tezi yao wenyewe, mithili ya mlinzi amshambuliaye mwenye nyumba. Silaha hizo zikiiharibu tezi, mgonjwa husikia baridi hata juani, hunenepa, na sauti humkauka; zikiichochea, kama katika maradhi ya Graves, moyo humwenda mbio, macho humtoka, na kikombe cha chai humtetemeka mkononi.

Nasaba ina sehemu yake. Tunarithi kwa wazazi alama ambazo kwazo kinga hutambua kilicho chetu na kilicho kigeni, na kadhalika breki za kuituliza. Breki hizo zikiwa dhaifu, hatari huzidi, na wanawake hupatwa mara nyingi kuliko wanaume. Hata hivyo, katika pacha wa kufanana waliochunguzwa Denmark, mmoja akiugua Graves, mwenzake aliugua takriban mara moja tu katika tatu. Kwa hiyo nami naona ni dhuluma kubwa kuinyoshea kidole aila ya mke kwamba imeleta laana.

Madini joto nayo yakizidi huweza kuiamsha kinga hiyo. Huko Kivu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, chumvi yenye madini joto ilipoingia, baadhi ya wenye marovu ya zamani tezi zao zilifanya kazi kupita kiasi, ijapokuwa kwa wengi wao sababu ilikuwa vinundu vya siku nyingi, si kinga. Hiyo si hoja ya kuiacha chumvi, ambayo huwaokoa watoto na udumavu wa akili.

Tabibu humpa mgonjwa funda la maji, akatazama uvimbe ukipanda anapomeza. Lakini kwa jicho hawezi kujua ni rovu la namna gani, ila damu ipimwe. Tezi iliyochoka hutibiwa kwa kidonge cha levothairoksini kila asubuhi kabla ya chai, na iliyochochewa kwa dawa ya kuituliza. Mwanamke aliyewahi kuugua Graves, hata kama tezi yake ilikwisha kukatwa, na amwarifu mkunga mapema apatapo mimba, kwa maana silaha zile huweza kubaki damuni, zikapita kondo la nyuma na kumfikia mtoto.