Je, Wajua? Jino Moja la Sproketi Laweza Kupinda Valvu

Kemshafti huzunguka mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo sproketi ya kemshafti yenye meno 34 ikikosewa jino moja tu, valvu zitawahi au kuchelewa kwa takriban digrii 21 za krenki. Injini ya Twin Cam 88 ya Harley-Davidson, iliyoingia sokoni na modeli za 1999, ina kemshafti mbili zilizounganishwa kwa cheni, hivyo alama za kulinganisha sproketi si jozi moja. Wapo mafundi wanaosema alama zikilingana kazi imekwisha. Sikubaliani nao: kemshafti mpya yenye mwinuko mkubwa huisogeza valvu karibu zaidi na pistoni, na alama hazipimi nafasi hiyo. Kwa hiyo, ukishafunga kemshafti, acha tapeti zishushe oili kwanza, toa plagi, kisha zungusha injini kwa mkono taratibu, mizunguko miwili kamili ya krenki. Ikigoma, usilazimishe, fungua tena ukague.