Mwenye Kithembe Hakosei Kutaja Kithembe

Neno kithembe lina upole wake. Mtu ambaye ulimi wake hugeuza s kuwa th, akitaka kusema "sisi" ikatoka "thithi", hulitaja neno hilo sawasawa kabisa, kwani sauti inayomshinda haimo ndani yake. Waingereza hawakumhurumia mtu wao: neno lao, lisp, limebeba s ile ile. Waarabu wana luthgha, lenye th na gh kwa pamoja, na huko ndiko wanakoangukia wengi wanaoshindwa na s au r. Al-Jahiz wa Basra, mwandishi wa karne ya 9, alimtaja Wasil ibn Ata, msemaji hodari aliyesumbuliwa na r hata akajizoeza kuhutubu bila neno lolote lenye herufi hiyo. Jaribu kusimulia habari za jana hivyo, uone.

Kamusi nyingine huandika kitembe. Si kigugumizi: hicho kina ukoo na gugumia, yaani kumeza kwa mikupuo, na humpata mtu ambaye sauti anazijua ila zinakwama njiani. Mwenye kithembe hakwami. Maneno yanamtiririka, ila ncha ya ulimi hupenya katikati ya meno pale ilipopaswa kubaki nyuma yake. S huhitaji mfereji mwembamba wa pumzi unaogonga makali ya meno. Ulimi ukichungulia nje, pumzi inatawanyika na kuwa th. Kwa fundi wa samani si jambo dogo, maana mteja atasikia anauziwa "thamani".

Hapa Kitengela neno hili hubandikwa hovyo. Mji umekua kando ya barabara ya Namanga kwa kupokea watu wa kila lugha, na mtoto akitamka tofauti na mwenzake darasani huambiwa ana kithembe. Sikiliza vizuri kwanza. Wakikuyu walipokopa maneno ya Kiswahili, saa ikawa thaa, soko likawa thoko, sabuni ikawa thabuni, na th yao husikika kama dh ya dhahabu. Bibi anayekwenda "thoko" anafuata sarufi ya kwao. Wahispania nao wamezushiwa hadithi kwamba mfalme wao alikuwa na kithembe, watumishi wakamuiga hadi nchi nzima ikaambukizwa. Ni porojo: Mhispania wa Madrid ana th na ana s, na kila moja ina mahali pake.

Kimaasai nacho hakina z. Mzee wa Kajiado akisema "siwa" badala ya "ziwa", amechukua sauti ya jirani iliyomo katika lugha yake. Wengine hulisingizia pengo la chini, kwa kuwa kwa mila Wamaasai waling'oa meno mawili ya mbele ya taya la chini. Lakini msikilize mzee huyo huyo akisema "sidai", yaani nzuri: s inatoka safi. Ulimi hujifunza kuzunguka pengo.

Basi kipimo changu ni hiki: msikilize mtoto katika lugha anayoongea na mamake. Akizitamka sauti za lugha hiyo vyema, alichonacho kwenye Kiswahili ni lafudhi, na hakuna cha kutibu. S ikimshinda hata katika lugha ya nyumbani iliyo nayo, hicho ndicho kithembe. Hata hapo, angalia umri. Meno ya utotoni ya mbele yanapong'oka, kwenye miaka 6 au 7, th hupenya kwa muda kisha ikatoweka yenyewe meno mapya yakiota. Isipotoweka, anza na masikio, kwa sababu s ni sauti nyembamba, na asiyeisikia hawezi kuiiga. Vituo vya serikali vya tathmini ya elimu (EARC), vilivyoanzishwa mwaka 1984, hupima watoto wa namna hii na kuwaelekeza kwa mtaalamu wa matamshi.