Mjafari wa Kariakoo na Homa ya Msafiri

Mwanachama aendaye Dar es Salaam, akitoka Gerezani kuelekea Kariakoo, hakosi kuwaona wauza dawa za miti wametandika mafungu ya mizizi na magome. Safari yetu ya mwisho tulisimama kwa mmoja wao.

"Shikamoo, mzee. Mzizi gani huu?"

"Marahaba, wanangu. Mjafari huo, dawa ya homa."

Mjafari ni mti wa vichakani na misituni, pwani hata bara. Wasukuma huuita mlungulungu. Shina lake lina vinundu vyenye miba, na majani yakifikichwa hunukia kama ndimu. Wazee wetu huchemsha mizizi na magome kwa homa na maumivu ya tumbo, na vijiti vyake hupigia mswaki.

Wataalamu nao hawakuudharau. Muhimbili wanachunguza dawa za asili tangu 1974, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa mjafari una viini vinavyozuia vijidudu vya malaria. Lakini chupa ya maabara si mwili wa mtu. Wachina walikuwa na majani yao ya homa tangu kale. Bibi Tu Youyou na wenzake walitoa kiini chake mwaka 1972, kikapimwa, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kutokana na kiini hicho hutengenezwa dawa mseto tunayopewa zahanati. Mjafari haujafika hapo.

Mwenzetu mmoja alinunua fungu. Siku ya kumi baada ya kurudi, homa ikamshika. Akanywa mjafari siku mbili, jasho likamtoka, akadhani amepona. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Zahanati walimtoboa kidole: malaria. Alhamdulillahi, amepona.

Visiwani kwetu malaria imepungua sana, na wengi wanaopatikana nayo wametoka safari bara. Tena sisi tunaojua kutenga karafuu na makonyo, mzizi uliokwisha kukatwa tutautambuaje?

Basi twawaomba, ndugu wanachama: homa ikikushika baada ya safari, kapime siku hiyo hiyo, na umweleze daktari dawa uliyokwisha kunywa. Na mwenye mjafari shambani asiuvue gome mzunguko mzima wala asichimbe mizizi yote, maana mti hufa. Akate vijiti vya mswaki, auache umee.

Katibu