Kichwa kinauma, tunakunywa gel ya tumbo: iko sawa?



Wakati nilikuwa G2 ku Kasapa, nilikuwa natembea na chupa ya gel ndani ya sakoshi kila siku. Kichwa kilikuwa kinanikamata upande moja, kinapiga sawa ngoma, mwangaza unaniumiza macho, na mwishoni lazima nitapike. Juu ya ile matapiko, kila mtu aliniambia neno moja: « Iko gastrite. » Mama wa farmasi ya kwetu naye alisema: « Kunywa vijiko mbili, mwanangu, utaona. »

Na kweli niliona. Nilikuwa ninakunywa, ninalala ndani ya giza, kesho yake kichwa kimeisha. Nikasema: gel inaponyesha.

Kile sikuambia mtu ni kwamba mbele ya gel nilikuwa ninameza ibuprofeni, mara nyingi na tumbo tupu, juu bukari ilikuwa inakuja mangaribi tu. Kufikia L1, tumbo lenyewe likaanza kuwaka. Siku moja nikatapika vitu vyeusi sawa kahawa. Ilikuwa damu. Ku hospitali munganga mumoja aliniuliza swali ambalo miaka ile yote hakuna mtu aliniuliza: « Kinaanzaka nini, kichwa ao tumbo? »

Nilifikiri kidogo. Kichwa. Kila mara, kichwa njo kinaanza.

Ile jibu ilibadilisha kila kitu. Ninaandika hapa juu ninaona badogo wengi wanafuata njia yangu.

Tumbo linaingilia wapi?

Migrene ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Lakini wakati wa shambulio, tumbo nalo linapunguza mwendo. Kile umekula hakishuke vizuri, kinabaki pale pale. Roho inachafuka, unatapika, na wewe unafikiri tumbo njo mwenye makosa. Kumbe tumbo linateseka tu juu ya kichwa.

Tusijichekelee sana: kosa hili ni la zamani. Katika miaka ya 1700, waganga wakubwa sawa vile Tissot wa Lausanne na Fothergill wa London walifundisha kwamba migrene inatoka tumboni. Ilifika 1873 ndipo Mwingereza Edward Liveing akatoa kitabu kizima kuonyesha kwamba ni dhoruba ya mishipa ya fahamu.

Alama zake ni hizi: kichwa kinauma mara nyingi upande moja, kinapiga, kinakuzuiya kazi, na ukitembea ao kupanda ngazi kinazidi. Pamoja na hayo, roho inachafuka ao unatapika, ao huwezi kuvumilia mwangaza na makelele. Bila dawa, shambulio moja linadumu kati ya saa 4 na saa 72.

Basi kwa nini gel ilionekana kunisaidia?

Angalia tena ile saa 4 mpaka 72. Shambulio linaisha lenyewe, na usingizi ndani ya giza unasaidia wengi. Mimi nilikuwa ninalala, na gel njo ilikuwa inapata sifa. Gel inapunguza asidi; kama una kiungulia itakutuliza kweli. Lakini migrene haiiguse.

Kuna pia dawa za kutoa povu ndani ya maji zinazojulikana kuwa za tumbo. Alka-Seltzer, iliyoanza kuuzwa Marekani mu 1931, ina bikaboneti, asidi ya sitriki na aspirini. Kama imetuliza kichwa chako, shukuru aspirini. Na kama una kidonda cha tumbo, ile « dawa ya tumbo » inaweza kukuumiza juu ya ile aspirini.

Wengine wanatafuna pemba ya ku soko. Inaweza kutuliza roho, lakini kichwa haikigusi, na udongo wa sehemu nyingi za mji wetu una metali zilizotoka ku viwanda vya shaba.

Dawa ya tumbo yenye faida kweli

Iko moja, lakini si ya asidi. Mu 1974 na 1975, mtafiti Volans wa Uingereza alipima aspirini ndani ya damu ya wagonjwa wa migrene. Wakati wa shambulio, aspirini ilikuwa inaingia polepole kuliko kawaida, juu tumbo limelala. Akiwapa metoclopramidi, inayozuiya matapiko na kuamsha tumbo, aspirini ikaingia vizuri zaidi. Njo maana munganga anaweza kukuandikia dawa mbili pamoja: moja ya maumivu, moja ya kufungua njia.

Usikimbilie kuinunua mwenyewe. Kwa vijana hasa, metoclopramidi inaweza kuleta mikazo: shingo inajikunja, macho yanageuka juu. Mu 2013 wakala wa dawa wa Ulaya uliweka mpaka: 30 mg kwa siku kwa mtu mzima, na siku 5 tu.

Omeprazoli kila siku?

Kuumwa kichwa ni moja ya madhara ya kawaida ya omeprazoli yenyewe. Utafiti wa Marekani uliotoka 2024, juu ya watu karibu 12,000, ulikuta migrene ao kichwa kikali kwa 25% ya wale wanaokunywa dawa za jamii ya omeprazoli, na 19% kwa wale wasiokunywa. Hii haihakikishe kwamba dawa njo inaleta migrene. Inawezekana pia wenye migrene wanakunywa mingi, sawa mimi. Kama munganga alikuandikia kwa kidonda, usiache. Kama ulijiandikia mwenyewe, uliza.

Kile nilijifunza kufanya

1. Andika mu kaye: siku, saa, kilianza nini, ulikula nini, ulilala saa ngapi, ulimeza nini. Njaa na kukosa usingizi vinaamsha migrene ya wengi, na sisi tunajua maisha ya egzame.

2. Kunywa dawa mapema, kwa kipimo cha kutosha. Mtu mzima mwenye tumbo na figo nzima anaweza kutumia ibuprofeni 400 mg. Mwenye historia ya kidonda kama mimi anabaki ku paracetamoli 1000 mg.

3. Hesabu siku. Dawa za maumivu siku 15 ao zaidi kwa mwezi, miezi inapita mitatu, zinaweza zenyewe kuleta kichwa cha kila siku. Kwa tramadoli na dawa za kuchanganya, mpaka ni siku 10.

4. Kama inakuja mara nyingi, kuna dawa za kuzuiya. Propranololi iko ndani ya orodha ya dawa za lazima ya OMS. Mwenye asma haruhusiwe, kwa hiyo pita kwa munganga.

Kimbia ku hospitali kama kichwa kimelipuka kwa dakika moja, kama shingo imekuwa ngumu, mkono umelegea, maneno yanakuja vibaya, ao kama uko na mimba. Ukiwa na homa, upimwe malaria mara moja. Na ukitapika vyeusi ao choo kikawa cheusi sawa makala, usingoje asubui.

Leo migrene yangu inakuja mara moja ao mbili kwa mwezi, na chupa ya gel imetoka ndani ya sakoshi. Kama una rafiki mwenye kusema kila wiki « gastrite inanikamata, na kichwa pia », umuulize swali la munganga yangu: kinaanzaka nini?