Fahamu: Kwa nini haibridi hunywa mafuta zaidi baada ya kufungwa matairi mapya?

Tairi linapozunguka, mpira wake hubonyea na kunyooka, na nishati hupotea kama joto. Matairi ya kiwandani ya haibridi kama Toyota Prius mara nyingi hutengenezwa kupunguza upotevu huo.

Ukifunga mengine mapana au mazito, matumizi ya mafuta huweza kupanda. Hata tairi la aina ileile likiwa jipya huwa zito kuviringika kuliko lililolika, kwa sababu meno yake ni marefu.

Upepo mwingi ndani ya tairi nao hurahisisha mzunguko, lakini gari hurukaruka zaidi kwenye mashimo.

Lebo ya Umoja wa Ulaya hupanga matairi kuanzia A hadi E kwa matumizi ya mafuta na breki kwenye maji. Isome kabla ya kununua, kisha jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.