Vizazi, Uzazi na Vifo: Namna ya Kusoma Takwimu za Watu wa Kongo

Anayesoma kwa Kiswahili habari za ongezeko la watu nchini mwetu hukutana mara kwa mara na neno "uzazi" likibebeshwa maana mbili. Kifaransa hutenganisha natalité na fécondité. Waandishi wetu wengi huyatia yote mawili katika chungu kimoja. Sarufi haivunjiki, lakini hesabu huharibika.

Kiwango cha vizazi ni idadi ya watoto waliozaliwa hai katika mwaka mmoja kwa kila watu 1000, wakiwamo wazee, wanaume na watoto wenyewe. Kiwango cha uzazi humhusu mwanamke: angezaa watoto wangapi maishani mwake iwapo, katika kila umri, angezaa kama wazaavyo wanawake wa umri huo wakati wa uchunguzi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007 ulipata watoto 6,3 kwa kila mwanamke. Ule wa 2013-2014 ulipata 6,6. Ni kweli kwamba "kizazi" nacho kina mtego wake, kwa kuwa ni pia rika la watu na tumbo la mama. Hata hivyo twalipendelea: sheria ya usajili ya Tanzania huandika "vizazi na vifo", na jozi hiyo yaonyesha vitu viwili vinavyotolewa kimoja katika kingine.

Na tuvitoe basi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa miaka ya karibuni yaipa Kongo vizazi vipatavyo 42 na vifo vipatavyo 10 kwa watu 1000. Tofauti ni 32, yaani asilimia 3,2 kwa mwaka, wahamiaji wakiachwa kando. Kwa mwendo huo idadi ya watu huongezeka maradufu katika miaka 22 hivi. Wengi hudhani chanzo ni kwamba wanawake wa leo wazaa kupita bibi zao. Sivyo. Uzazi ulibaki juu ilhali vifo vilishuka: kati ya watoto 1000 waliozaliwa hai, waliokufa kabla ya kutimiza miaka 5 walikuwa 148 katika uchunguzi wa 2007, na 104 katika ule wa 2013-2014.

Lakini kila kiwango kina tarakimu ya juu na ya chini, na ile ya chini, yaani jumla ya watu, ndiyo dhaifu kwetu. Tangu uhuru nchi imefanya sensa kamili moja tu, mwezi Julai 1984, iliyopata watu milioni 30 hivi. Makadirio ya leo yapita milioni 100.

Udhaifu huo si jambo la wataalamu peke yao. Mwaka 2008 shirika la International Rescue Committee lilitangaza kwamba vita na matokeo yake, tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007, vilisababisha vifo vya ziada milioni 5,4. "Ziada" ndilo neno la kuangaliwa. Uchunguzi wao wa mwisho ulipata vifo 2,2 kwa watu 1000 kila mwezi. Wastani wa Afrika kusini mwa Sahara ulikuwa takriban 1,5. Ziada ni 0,7. Wakosoaji walijibu kwamba wastani huo ni mdogo mno kwa nchi ambayo hospitali zake zilikwisha kudhoofika kabla ya vita. Ukiweka 2 mahali pa 1,5, ziada yabaki 0,2, chini ya theluthi ya ile ya kwanza, na hakuna maiti hata mmoja aliyeondolewa katika hesabu. Wanademografia wawili wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walikadiria watu wapatao 200 000 tu kwa miaka 1998-2004. Sisi tunaona kwamba makadirio yote mawili yasitajwe darasani bila kiwango cha kawaida yaliyoegemea, kwa kuwa kiwango hicho hakikutoka katika daftari lolote la vifo la Kongo.