Gogo Lililooza Si Taka

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kuoza. Baba humwoza binti yake. Embe nalo huoza kapuni. Vyafanana kwa sauti, lakini havina nasaba. Cha kwanza huleta vigelegele, cha pili twakitamka kwa kuchukia: samaki mmoja akioza, twaambiwa, huoza wote.

Chuki hiyo hunitia wasiwasi kila nipitapo pembezoni mwa msitu wa Nyandarua, juu ya mashamba ya majani chai ya Kiriaini. Kuna kuvu iotayo juu ya magogo yaliyoanguka, yenye mistari ya kahawia, kijivu na samawati, na ukingo mweupe. Wanasayansi huiita Trametes versicolor. Wajapani huiita uyoga wa vigae, Wachina uyoga wa mawingu, nao Waingereza huifananisha na mkia wa bata mzinga. Sisi aghalabu twaiita kuvu tu, neno lile lile la mkate ulioharibika.

Kisichokuwa na jina hakina mtetezi. Ilhali kuvu hii ina kazi kubwa. Mti husimama kwa nguvu za lignini, dutu ngumu ambayo viumbe wengi hawaiwezi. Kuvu hii ni miongoni mwa wachache waliojaliwa vimeng'enya vya kuivunja. Lau si kuvu za namna hii, magogo yangelundikana na rutuba ingefungika ndani yake. Gogo lililooza hushika maji kama sifongo, huwahifadhi wadudu na hulea miche. Udongo wa namna hiyo ndio unaolinda chemchemi za mto Mathioya, ambao maji yake huishia Tana.

Sisemi kuni zisiokotwe. Akina mama wa Kiriaini hawapiki kwa nadharia. Matawi makavu na yaende mekoni, kwa kibali. Lakini gogo lililokwisha kuliwa na kuvu halina moto wa maana. Alibebaye hujichosha bure, na msitu hupoteza mbolea yake.

Tangu 1977 Wangari Maathai, jirani yetu wa Nyeri, alitufunza kupanda. Imebaki tujifunze kuacha kilichoanguka. Nawaomba walimu wa huku wawatume wanafunzi kwa wazee wakaulize: kuvu hii ya rangi iliitwaje? Jina likipatikana, liandikwe. Lisipopatikana, tuunde letu.